Jaji Mpunguza Vifungo

Niliposikia kwamba Jaji amevunjwa mkono na jirani yake, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Mungu anisamehe. Nilikuwa kwenye kantini ya korti, chai mdomoni, na karani aliyeniletea habari ilibidi aruke pembeni nisimmwagie. Halafu nikauliza ni mkono gani. Akasema ni wa kulia, na vidole viwili havikunjiki tena. Hapo nikaweka kikombe chini. Mkono huo nilikuwa nimesimama karibu nao miaka mingi, mimi nikitafsiri, wenyewe ukiandika hukumu.

Jirani alikiri kosa siku ya kwanza alipopandishwa kizimbani. Kilichobaki kilikuwa adhabu tu, na kabla ya adhabu hakimu alitaka kumsikia mlalamishi: yeye aliyeumizwa anataka mtu huyu afanywe nini? Sheria inaruhusu hadi miaka mitano. Mtu mwingine yeyote angejibu bila kufikiri. Lakini Jaji, kabla hajastaafu, alikula mshahara wake kwa kupunguzia vifungo watu waliovunja mikono ya wenzao. Sasa kila mtu pale kortini, kuanzia mawakili hadi mama wa maandazi, alitaka kuona kama atayameza maneno yake mwenyewe au atayatema.

Ngoja nikueleze alikuwa mtu wa namna gani, ndio uelewe kwa nini tulikuwa na hamu hivyo.

Alitoka huko kwenye chai na baridi, akaletwa Kitui, na siku ya kwanza akauliza ni nani amewasha moto nje. Tukamwambia hilo ni jua, Mheshimiwa. Tangu siku hiyo, chini ya lile joho lake alivaa ndala. Watu waliokaa mbele hawakujua. Mimi niliyesimama kando ya meza nilijua, na mara nyingi mtu alikuwa akilia kizimbani akiomba huruma huku mimi nikiangalia kidole gumba cha Jaji kikicheza kwenye ndala ya bluu. Muthokoi yetu aliitukana mwaka mzima. Alisema mahindi yaliyokobolewa maganda ni mahindi yaliyonyang'anywa heshima. Mwaka uliofuata alikuwa akituma mtu jikoni saa nne asubuhi kumwekea sahani kabla haijaisha.

Sasa, kesi za rufaa, ndizo alizosikiliza yeye, hazina mashahidi. Mashahidi walishamalizana na hakimu kule chini. Kule juu ni makaratasi na mawakili. Lakini Jaji hakuyaamini makaratasi. Alitaka fimbo yenyewe iletwe. Kama mtu alipigwa na rungu, aletewe rungu. Kama ni jiwe, lile jiwe. Alilipima mkononi, akalinusa, sijui kwa nini alilinusa, kisha akamuuliza wakili maswali ambayo wakili hakuwa ameyasomea.

Siku moja aliletewa mwiko. Mama mmoja wa kijiji cha Tulia alimpiga shemeji yake kwa mwiko wa kusongea ugali, akavunja mfupa wa goti, na hakimu akaandika kwamba hiyo ni silaha ya hatari. Wakili wa mama yule alisimama akacheka kidogo. "Mheshimiwa Jaji, mwiko? Silaha? Basi kila jikoni hapa Ukambani ni kambi ya jeshi." Watu wakacheka. Jaji naye akatabasamu, akauinua mwiko, akajigonga goti mbele ya korti nzima. Paa! Alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu, macho yamejaa machozi, mdomo umekazwa. Mwishowe akasema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kuhusu silaha, korti hii inakubaliana na hakimu." Alichechemea wiki nzima, na mtu yeyote aliyemuuliza ana nini aliambiwa ni baridi. Kitui, baridi!

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kufungulia kila mtu mlango. Wafungwa walidhani hivyo, na waliitana gerezani kwamba ukipata Jaji yule umepona. Hapana. Alikuwa na kanuni, na kanuni hiyo aliieleza kwa chai. Mkata rufaa akisimama na kusema tu kwamba miaka mitatu ni mingi, Jaji alimwambia hivi, na mimi niliitafsiri mara nyingi hadi nikawa naisema kabla yeye hajamaliza:

"Ukienda kwa watu ukapewa chai, huwezi kuimwaga kwa sababu wewe ungetia majani zaidi. Hiyo ni chai ya mwenye nyumba. Kunywa unyamaze. Lakini akiwa ametia chumvi mahali pa sukari, hapo mwaga. Sasa niambie, hakimu alitia chumvi wapi?"

Wazee wa kutoka Nuu waliipenda sana. Mmoja aliposikia akajibu kwamba hakimu wake hakutia chumvi, alisahau maji. Jaji akafungua jalada, akasoma, akakuta kweli hakimu hakumuuliza mzee hata neno moja la kujitetea kabla ya kumpa adhabu. Akampunguzia. Njiani tukielekea ofisini akaniambia, "Mkalimani, yule mzee angekuwa wakili mimi ningetafuta kazi nyingine."

Kilichomkasirisha kabisa ni mahakimu waliotoa kifungo kimoja kwa kila mtu. Umevunja jino, mitatu. Umevunja mguu, mitatu. Umempiga mtu kofi kwenye harusi kwa sababu amemtukana mama yako, mitatu. "Kifungo si bei ya sukari!" alikuwa akifoka. "Sheria imekupa kuanzia hapa mpaka pale. Imekupa nafasi ufikirie. Wewe unaikalia kama kiti!" Na aliyaandika hayo kwenye hukumu, bila kuyapunguza makali. Kuna hakimu mmoja, dada mpole, ndiyo kwanza ameajiriwa, ambaye Jaji alimrudishia hukumu nyingi kuliko wenzake. Katika moja aliandika kwamba hakimu ametoa miaka kama mtu anayegawia watoto peremende. Dada yule alilia kwenye gari lake. Nilimwona, nikapita upande mwingine kwa heshima. Mkumbuke huyo, maana ndiye aliyekuja kumsikiliza Jaji akiwa mlalamishi.

Kupandisha kifungo alipandisha pia, ingawa mara chache. Namkumbuka mwanamume mmoja mwenye maduka, amempiga mkewe akamvunja mbavu, akapewa mwaka mmoja, akaona mwaka ni mwingi. Akaja kwenye rufaa amevaa suti, mkewe kando yake, ati wamesameheana na familia zimekubaliana. Jaji alimwita yule mama mbele.

"Mama, siku hizi unalala wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Na leo umeletwa hapa na nani?"

Mama akaangalia chini. "Na yeye. Kwa gari yake."

Jaji akavua miwani. Akamwonya yule bwana, kama sheria inavyotaka, kwamba akiendelea na rufaa hii kifungo kinaweza kupanda; afadhali aiondoe. Bwana akaona aibu kurudi nyuma mbele ya watu wa kwao. Akaendelea. Akatoka na mitatu. "Msamaha ulioletwa na gari la mshtakiwa siuchukui," Jaji alisema, akafunga jalada. Nilimpenda siku hiyo, nakwambia ukweli, na mimi si mtu wa kupendapenda wakubwa.

Msamaha wa kweli aliuchukua, na hapo ndipo sisi tulipomfundisha kazi. Hapa kwetu watu wakiumizana, wazee huketi, aliyekosa hutoa mbuzi, wanakula pamoja, na ukishakula nyama ile hutakiwi kuikumbusha kesi. Jaji alikubali jambo hilo lipunguze kifungo, mradi aliyeumizwa aseme kwa mdomo wake kwamba amekula. Tatizo ni kwamba kwa desturi yetu aliyesikiliza shauri naye ana fungu lake. Basi familia mbili za Nuu zilipatana, Jaji akampa mkosaji kifungo cha nje, na kesho yake asubuhi wazee wawili wakaja ofisini wamebeba paja la mbuzi kwenye kiondo, kwa heshima zote, fungu la Jaji.

Jaji alipoliona paja akaruka kama ameona nyoka. "Mkalimani! Hii ni rushwa!" Nikawaeleza wazee. Wakashangaa. "Rushwa ni kabla," mmoja akasema. "Kesi si imekwisha? Mwambie asipokula, shauri halijafungwa." Tulizunguka hapo hadi saa sita, Jaji akieleza sheria, wazee wakieleza nyama. Paja likarudi Nuu. Mchana wote Jaji alikuwa na huzuni, na jioni akaniuliza kama huwa wanachoma au wanachemsha.

Na sasa nikwambie ubaya wake, maana mtu asiye na ubaya ni wa kwenye matanga tu. Jaji aliweza kumwonea huruma mtu aliyevunja taya la mwenzake, lakini mtu aliyemwegeshea gari mahali pake hakumsamehe mpaka anastaafu. Simu ikilia kortini, mwenye simu alifukuzwa kama mwizi wa kuku. Dereva wake alichelewa mara moja, na jambo hilo alilitaja kila mwaka. Kwa makosa ya watu dhidi ya watu alikuwa bahari ya subira. Kosa likimgusa yeye, bahari ilikauka. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akisema huruma ya mzee ni ya kazini na huirudisha ofisini pamoja na joho.

Alipostaafu, wakati huo tukiwa tumeshahamia Makueni, tulidhani atarudi kwao. Wapi! Akanunua shamba huku huku, mbali kidogo na barabara ya Mombasa, akapanda ndengu na mapapai. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Huku watu wanapigana kwa sababu ninazozielewa."

Aha. Sasa sikiliza sababu.

Katikati ya shamba hilo kulikuwa na njia. Ni ya zamani, hakuna anayejua nani alianza kuipita, inatoka kijijini kwenda kwenye silanga, lile bwawa la kuchimbwa ambalo kiangazi mbuzi na watu hugombea maji yake. Jirani alipitisha mbuzi wake hapo kila siku. Mbuzi hawakusoma sheria. Walipoona ndengu za Jaji zimechipua, wakageuka kando. Jaji alivumilia mara mbili. Mara ya tatu akaita mafundi, akazungusha seng'enge shamba zima, njia ikafia ndani. Mtu yule yule aliyefundishwa ujirani na watu wa Nuu, jamani! Kina mama wakawa wanazunguka na mitungi hadi kule juu, mpaka Mama alipoanza kuwafungulia mlango wa nyuma kwa siri mumewe akiwa amelala mchana.

Jirani akaja kuuliza kistaarabu. Hajui Kiswahili kingi, na Jaji, miaka yote aliyokaa kwetu, hakujifunza Kikamba zaidi ya salamu. Lakini Jaji alimjibu, kwa Kiswahili cha kortini, kwamba alete ushahidi wa haki yake ya njia. Jirani akaenda nyumbani, akarudi na mpini wa jembe.

Nilipoenda kumwona, plasta ilikuwa bado haijatolewa. Alikuwa ameketi sebuleni, Mama akimkatia papai vipande kama mtoto. Sikuwa hata nimekaa vizuri akaniambia, "Mitano."

"Mitano nini, Mzee?"

"Miaka. Nitamwambia hakimu anipe yote mitano."

Nikamkumbusha habari ya chai. Nilifikiri atacheka. Akageuka akanitazama hivi, nikatamani papai linimeze. "Ile chai haikuwa mkono wangu," akasema. "Nimeshindwa kutia sahihi benki. Msichana mdogo ameniambia nitumie kidole gumba. Mimi!"

"Usimsikize," Mama akasema. "Ni dawa za maumivu hizo."

"Sijameza dawa!"

Wiki iliyofuata wazee wa ukoo wa jirani wakaniomba niwapeleke kwake. Walitaka kupatanisha kabla ya siku ya adhabu. Tukaenda, jirani mwenyewe akabaki nje ya lango kama desturi inavyotaka, wazee wakaingia na mbuzi, beberu mweupe mwenye baka jeusi sikioni. Mzee mkubwa akaongea vizuri sana. Alisema mkono umevunja mkono, na mdomo ulianza, na seng'enge ilianza kabla ya mdomo. Nikatafsiri yote. Jaji alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani tumefika. Kisha macho yake yakatulia kwa mbuzi.

"Huyu mbuzi mimi namjua," akasema.

"Mzee?"

"Waambie namjua huyu mbuzi. Sikio hilo nalijua. Huyu ndiye aliyekula ndengu zangu. Mnaniletea ndengu zangu nizile mara ya pili?"

Nikatafsiri, ningefanyaje? Wazee wakaangua kicheko, na Mama jikoni nikamsikia anacheka amejiziba mdomo. Hata mimi. Jaji hakucheka. Alisimama akaenda chumbani, akafunga mlango, na wazee wakarudi na beberu wao. Njiani mzee mkubwa alinishika bega. "Kijana, huyu atamfunga mtu wetu. Ana watoto wadogo yule. Mbuzi wake nani atawapeleka majini?" Kicheko chote kilikuwa kimenitoka.

Siku ya adhabu korti ilijaa hadi madirishani. Hakimu alikuwa yule dada wa peremende. Walizungumza habari ya kuihamisha kesi kwa hakimu mwingine, lakini hakuna hakimu eneo lote ambaye Jaji hakuwa amewahi kumkosoa. Ingebidi ipelekwe pwani. Jaji mwenyewe akasema hana pingamizi dada yule aisikilize. Alikuja na suti, mkono kwenye kitambaa, na akaketi kwenye benchi la mbao pamoja na walalamishi wengine wa siku hiyo, kati ya mama aliyeng'atwa na mtu wa bodaboda aliyepigwa chupa.

Hakimu akamwita. Nilikuwa nimesimama kando ya jirani kizimbani, tayari kumnong'onezea. Jaji alisimama polepole.

"Mheshimiwa," akaanza, na sijawahi kumsikia akimwita mtu neno hilo. "Umeniuliza nataka nini. Nataka afungwe. Nataka mitano, na kama sheria ingekuwa na sita ningetaka sita. Nikilala naota nampiga. Nikiamka vidole havikunjiki, naanza kukasirika upya kabla sijanawa uso."

Nikamtafsiria jirani. Akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Upande wa nyuma mkewe akaanza kulia, kile kilio cha pole cha mtu ambaye alikuwa anajua.

"Hayo ndiyo ninayotaka," Jaji akaendelea, "na sitaidanganya korti kwamba nataka jambo jingine zuri. Lakini usinipe, Mheshimiwa. Mtu mwenye hasira kama yangu asipewe anachotaka. Ndiyo maana wewe umewekwa hapo juu na mimi nimewekwa hapa chini. Fikiria wewe." Akakaa. Yule wa bodaboda akasogea kidogo kumwachia nafasi.

Hakimu alipekua jalada hadi watu wakaanza kukohoa. Nilimtazama usoni. Nina hakika siku kama hii alikuwa ameiota, Jaji yule amesimama mbele yake, na sasa imefika naye hana hamu nayo. Akaongea taratibu. Alisema kuvunja mkono wa mtu mzima kwa mpini si jambo dogo. Alisema pia kwamba mshtakiwa amekiri bila kuzungusha watu, hana kosa la awali, na watu wa kwake walikwenda kuomba amani. "Korti imezingatia hasira ya mlalamishi," akasema, "na imezingatia vilevile seng'enge." Akampa mwaka mmoja wa kazi ya jamii, kuzoa tope kwenye silanga chini ya afisa wa probesheni. Akagonga meza, akaita kesi nyingine.

Watu wakatoka wakipiga kelele. Mimi nilitoka nikimtafuta Jaji, nikamkuta nje upande wa choo, peke yake, ameegemea ukuta kwa bega zima. Hakuniangalia. Sijui kama alikuwa amefurahi au amechukia. Nadhani vyote viwili, na havikuwa vinaelewana. Nilitaka kumwambia amefanya vizuri, nikaona ni upuuzi.

Ndipo jirani akaja. Aliwaacha watu wake pale mbele akaja mwenyewe, kofia mkononi. Akasimama mbele ya Jaji. Wakatazamana kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja. Jirani akasema neno kwa Kikamba, la chinichini. Jaji akanigeukia.

"Amesema nini?"

"Anauliza mkono unaendeleaje."

Mtu aliyeandika hukumu ndefu kuliko kitabu cha Yobu alikuwa anatafuta neno. Kidevu kikaanza kutetemeka, na akakiacha kitetemeke.

"Mwambie unauma," akasema. "Mwambie unauma sana."

Nikamwambia. Jirani akatikisa kichwa kwa masikitiko, akabaki pale pale, na Jaji naye hakuondoka.